Waya Usioandikwa Jina

"Ulizoea lini kupika chakula cha mtu mmoja?"

Ruth alimwuliza Josephine Kanze swali hilo siku moja ya Januari, walipokuwa wakianua nguo, kila mmoja upande wake wa ua wa makuti unaotenganisha nyumba zao pale Mishomoroni. Wote wawili walikuwa wajane. Josephine alimaliza kwanza kulikunja shuka lake.

"Sijazoea," akasema. "Bado napika cha wawili. Kinachobaki hula paka."

"Ndiyo maana paka wako ana mashavu."

"Amerithi sahani ya marehemu Kaingu wangu."

Wakacheka kidogo, kisha Ruth akaingia ndani kumtilia mwanawe Morgan, aliyekuwa amerudi kazini, maji ya kuoga. Josephine aliliona swali lile kuwa la huruma, akamshukuru Mungu kwa kumpa jirani.

Machi ikafika, na Jumapili moja tangazo la tatu la ndoa ya Morgan halikusomwa kanisani. La kwanza na la pili Mchungaji Charo alikuwa ameyasoma, na hakuna aliyepinga. Siku hiyo aliiweka karatasi kando, akaomba wimbo. Mchumba wa Morgan, Philister, alitoka kabla ya baraka, leso mdomoni. Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa amesikia. Jumamosi asubuhi, siku moja kabla, mchungaji alikuwa amekuta karatasi imesukumwa chini ya mlango wa ofisi. Yalikuwa majibu ya damu ya Philister, kutoka zahanati iliyopakana na kanisa. Yalisema amebeba selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtu aweza kuubeba maisha yake yote asiugue, lakini watoto wakaugua.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ya Josephine ililia. Alikuwa Matthew Garama, tabibu mwenye zahanati ile.

"Dada Josephine, njoo. Ama mtandao wangu umeingiliwa, ama nimefuga nyoka."

Tangu Kaingu afariki, Josephine ndiye aliyeshika kazi yake ya kuvuta nyaya na kutengeneza mitandao ya kompyuta ya maduka na shule ndogo za Kisauni. Alijifunza kwa kumshikia mumewe ngazi na kumpokeza koleo, na kwa kuuliza. Alichukua begi la vifaa na biskuti zake mbili, akaenda kwa miguu.

Mapokezi alimkuta Mwanarehema, msichana wa kaunta, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mwanarehema akatikisa kichwa. Josephine akampa biskuti moja, akaingia kwa Garama.

"Majibu hutoka maabara, huja kwa kompyuta yake, yeye ndiye huyachapisha," Garama alisema, akiionyesha kaunta kwa kidevu. "Nani mwingine? Philister ni mteja wangu. Alinieleza siri yake hapa, kwenye kiti hicho ulichokalia. Kufikia kesho jioni nisipomjua aliyefanya haya, nampeleka huyu msichana kituo cha polisi."

Mwanarehema alisikia, mlango ulikuwa wazi. "Daktari, mwezi wa tano naanza chuo cha uuguzi! Wanataka cheti cha tabia njema. Nikishaandikwa kituoni, nani atanipa?" Alikuja hadi mlangoni. "Wallahi sikuigusa. Philister mwenyewe namwita dada."

"Yuda naye alikaa mezani," akasema Garama.

"Na waliomkana pia walikaa mezani," Josephine akamjibu taratibu. "Hebu nipe hiyo karatasi aliyokuletea mchungaji."

Aliiangalia pande zote mbili. Hakuisoma, lililomhusu ni namna ilivyochapishwa na namna ilivyokunjwa. Ilikuwa imekunjwa mara moja tu, katikati, ncha juu ya ncha, na mkunjo wake ulikuwa mkali kama uliopigwa pasi.

"Mwanarehema, nichapishie kitu. Chochote."

Printa ya kaunta ikakoroma, ikatoa risiti ya mfano. Pembeni mwa karatasi ulishuka mstari mweusi, kutoka juu hadi chini.

"Mstari huu una muda gani?"

"Tangu Krismasi, mama. Daktari anasema tuvumilie."

Josephine akaziweka karatasi mbili sambamba. Ile ya Philister haikuwa na mstari. Ilikuwa safi.

"Tarehe ya kipimo hapa ni ya Februari. Hii haikutoka kwenye printa yenu."

"Basi alijitumia kwa simu, akaenda kuchapisha mjini," Garama akasema.

Mwanarehema alitoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa simu ya tochi, ya vibonye, yenye ufa. Isingeweza kutuma hata picha ya paka.

Garama aliitazama. "Aweza kuazima."

"Aweza," Josephine alikubali. Hakuwa mtu wa kubishana kabla hajafika mwisho wa waya.

Akaenda maabara. Jacktone, mtaalamu wa maabara, alikuwa ameinamia darubini yake.

"Umekuja kunifunga mimi sasa?" akauliza bila kuinua kichwa. "Watu wanasema nilimtaka Philister akanikataa. Ni kweli. Alinikataa mwaka juzi, mbele ya watu, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya shangazi yake. Nikala keki nikaenda nyumbani."

"Haikukuuma?"

"Iliniuma, mathe. Lakini mimi Mluo. Ningetaka kuharibu harusi, ningekuja mchana na spika, kila mtu ajue ni Jacktone. Karatasi chini ya mlango? Hiyo ni kazi ya mtu anayetaka kesho asalimiwe vizuri."

Josephine aliyaweka maneno hayo moyoni.

"Folda ya majibu ina paswadi?"

Hapo Jacktone akaacha darubini. "Ilikuwa nayo. Nikaitoa. Kaunta walikuwa wananiita kila saa, 'Jack imekataa, Jack imekataa.' Nikasema wacha iwe wazi, si sisi tu tuko humu?"

"Na nyinyi ndio tu mko humu?"

Jacktone akairudia darubini yake.

Swali lilikuwa hilo. Folda ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa ndani ya mtandao, kwa hiyo ilibidi kujua ni nani aliyekuwa ndani. Josephine alianza na waifai. Paswadi yake ilikuwa ngumu, na alikuwa ameibadilisha mwenyewe mwezi wa kwanza. Waliokuwa nayo ni Garama na Mwanarehema pekee. Vifaa vilivyounganishwa kwa waifai vilikuwa vile vile alivyovijua. Hakukuwa na mgeni hewani. Basi mgeni, kama yupo, alipita kwenye waya.

Akapanda ngazi hadi kwenye kisanduku cha nyaya kilichogongomewa juu ya mlango wa stoo, kile kinachoigawia kila kompyuta intaneti yake. Kaingu ndiye aliyekifunga. Kila waya ulikuwa na kipande cha plasta nyeupe, na juu yake mwandiko wake uliolalia kushoto: *Kaunta. Maabara. Daktari. Printa.* Josephine alipitisha kidole juu ya neno *Maabara*. Wino ulikuwa umeanza kufifia. Alikaa pale juu ya ngazi kitambo, na hakuna aliyekuwa chini kumshikia.

Kisha akauona waya wa tano. Taa yake ilikuwa ikipepesa kijani kama zile nyingine. Haukuwa na plasta.

Kaingu hakuwa mtu wa kuacha waya bila jina. Hata waya wa redio nyumbani aliuandika *Redio*. Josephine aliufuata kwa macho: ulipanda darini, ukapita juu ya choo, ukaingia kwenye tundu la ukuta wa mashariki. Ng'ambo ya ukuta ule kulikuwa na kanisa.

"Daktari," aliita. "Mbona hukuwahi kuniambia kanisa nalo limo kwenye mtandao wako?"

Garama akaja, akatazama juu, akashangaa kwa dhati. "Hiyo si yangu. Hiyo ni ya kanisa."

"Imechomekwa kwako."

"Niliitoa sadaka! Wakati ule makanisa yamefungwa kwa sababu ya korona, mchungaji akihubiria simu. Nilisimama mbele ya kamera nikaahidi intaneti, na Kaingu akaivuta bure, ikawa sadaka yake na yeye. Kitu umemtolea Mungu, dada, hukihesabu tena kuwa chako."

"Na mbona hakuandika jina?"

"Nilimwuliza. Akaniambia mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume." Garama alijifuta uso. "Kwani huo waya unaweza kuleta watu huku?"

"Waya hauna mlango wa upande mmoja. Anayepokea intaneti kwako yumo nyumbani kwako, hata kama amekaa madhabahuni. Paswadi ya waifai haimzuii, yeye hapiti huko."

Josephine alishuka. Alihisi kama amekuta barua ya mumewe, na barua yenyewe ilikuwa imemfungulia mwizi.

Saa nane mchana aliingia ofisi ya kanisa. Ilikuwa na kompyuta moja, printa moja, na meza ndefu. Ruth, aliyekuwa karani wa kanisa kwa kujitolea, alikuwa mezani akikunja ratiba za ibada ya maombi ya Jumatano. Alikunja karatasi ncha kwa ncha, kisha akapitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, mara moja, kwa nguvu.

"Jirani! Karibu. Umekuja kwa mambo ya aibu haya?"

"Nimekuja kuangalia nyaya tu."

"Masikini Philister. Amehamia kwa dada yake Likoni, simu ya Morgan hashiki. Ati anadhani Morgan ndiye alinitobolea siri, na mimi nikaipeleka kwa mchungaji." Kijiko kikapita. "Lakini afadhali yamejulikana mapema. Watoto wangeteseka."

Josephine aliomba kompyuta. Folda ya maabara ilifunguka mbele yake bila kuuliza chochote. Aliifunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu ambamo kuna mtu. Akatazama hati zilizofunguliwa karibuni kwenye mashine ile. Miongoni mwa nyimbo na matangazo, jina la Philister lilikuwemo. Hati hiyo ilikuwa imefunguliwa Ijumaa mchana. Akachapisha ukurasa mmoja wa zaburi. Ulitoka safi, hauna mstari.

"Funguo za ofisi hii wanazo kina nani?"

"Mchungaji, mimi, na Brian wa mitambo," akasema Ruth. "Mchungaji Ijumaa alikuwa Kaloleni, mazishini. Brian ndiye anayejua mambo haya ya kompyuta. Mimi najua kupiga chapa tu."

Brian alipatikana saa kumi na moja jioni, akirudi kutoka kazini kiwandani Changamwe, vumbi la saruji kwenye nyusi. Alipoulizwa aliruka kama aliyemwagiwa maji.

"Mama, mimi? Mimi nikija kurusha ibada huchomoa huo waya kwenye kompyuta ya ofisi, nautia kwenye laptopu yangu. Waya ni mmoja! Mimi nikiwepo, hiyo kompyuta ya ofisi haina kitu, ni kama sanduku la mkate. Na Ijumaa nilikuwa shifti ya mchana, mwulize supavaiza."

Josephine alimpigia msimamizi. Ilikuwa kweli.

Jioni ile alipika ugali na mchicha. Alipima unga, akagundua amepima wa wawili tena. Ng'ambo ya ua sauti ya Ruth iliita, kama ilivyoita kila jioni: "Morgan! Chakula kinapoa!" Viatu vikasikika barazani, kiti kikaburutwa, sauti mbili zikaanza kunong'ona juu ya sahani.

Josephine alikaa jikoni kwake akizisikiliza. Sasa ndipo swali la Januari lilipomrudia. Alikuwa amelipokea kama swali la mtu anayempa pole. Lakini Januari ndio mwezi ambao Morgan alichukua nyumba ya kupanga Kiembeni, ya kuishi na mkewe. Ruth hakuwa anampa pole. Alikuwa anauliza njia ya mahali anakoelekea.

Katika mtaa mzima, Ruth ndiye aliyekuwa akimgongea mlango asubuhi kujua kama ameamka. Akisema, hakutakuwa na wa kumgongea. Asiposema, Mwanarehema ataingia kituoni kwa kosa la mwingine. Alipiga magoti hadi miguu ikafa ganzi. Aliinuka bila faraja, ila alikuwa anajua la kufanya.

Jumanne asubuhi aliifunga folda ya maabara kwa paswadi mpya. Alileta kisanduku kingine, akautenga mtandao wa kanisa na wa zahanati, ili kanisa lipate intaneti lakini lisiweze kuona ndani. Akakata kipande cha plasta, akauandika ule waya wa tano *Kanisa*. Mwandiko wake haukufanana na ile mingine.

Saa kumi walikutana na mchungaji katika ofisi ya kanisa: Garama, Mwanarehema aliyevaa kama anayekwenda mahakamani, Jacktone, Ruth, na Morgan aliyetoka kazini bandarini na kofia ya pikipiki mkononi. Mchungaji Charo aliomba kwa ufupi.

Josephine alieleza. Karatasi haikuchapishwa zahanati, maana haina mstari. Ilichapishwa humu, Ijumaa, kwenye mashine hii.

"Kwa hiyo si mimi?" Mwanarehema aliuliza polepole, kana kwamba hajaamini masikio yake.

"Si wewe, mwanangu. Huna ufunguo wa humu."

"Brian," akasema Ruth. "Nilisema."

"Brian alikuwa Changamwe. Na Brian akiwepo, waya hauko kwenye kompyuta hii." Josephine aliweka karatasi ya siri mezani, na kando yake ratiba ya ibada. Mikunjo miwili ikatazamana, mikali, sawa sawa. "Mwenye siri hukunja karatasi ndogo, aifiche kiganjani. Hii ilikunjwa na mkono uliozoea kukunja za kanisa. Imepitishiwa kijiko."

Ruth alicheka. "Jirani, hata wewe una kijiko! Nusu ya kina mama wa kanisa wamenisaidia kukunja."

"Ni kweli. Kwa mkunjo peke yake nisingesimama hapa." Josephine alimgeukia Morgan. "Baba, mlipimwa pamoja?"

"Siku moja."

"Basi majibu yako na ya Philister yamelala kwenye folda moja, jina chini ya jina. Aliyeogopea watoto angezitoa karatasi zote mbili, maana moja haisemi lolote. Jacktone, sema."

Jacktone alisafisha koo. "Mtoto huugua akirithi kwa wazazi wote wawili. Mmoja tu akiwa ameibeba, mtoto aweza kuibeba naye, lakini haugui. Na majibu ya mwingine si mimi wa kuyataja."

"Nitayataja mwenyewe," Morgan akasema. "Yangu ni safi. Philister aliniambia yake siku ile ile, tukalia, tukashukuru Mungu." Alikuwa akimtazama mama yake. "Na yangu nilikuambia, mama. Ulikuwa unachambua mchele. Ukasema Bwana asifiwe."

Mchungaji alivua miwani.

"Mama Morgan?"

Ruth aliitazama ile ratiba. Alinyoosha kidole akaulainisha mkunjo wake, ingawa ulikuwa tayari laini.

"Printa ilikataa," akasema. "Nilikuwa naitafuta mle ndani ya kompyuta, nikaona majina ya zahanati. Sikujua yanafunguka. Nikabonyeza, yakafunguka. Nikaona jina lake." Akaisogeza ratiba kando. "Sikutaka mabaya. Nilitaka mchungaji asogeze tangazo tu. Kidogo. Hata mwaka."

"Na mimi?" akauliza Mwanarehema. "Uliponiona nalia jana pale nje, ukanipa maji, ulikuwa unajua?"

Ruth hakumtazama. "Nilidhani watakuachilia."

"Ulijua watoto hawataugua," Garama akasema.

"Nilijua." Sasa maneno yalimtoka kwa kasi. "Tangazo la kwanza liliposomwa nilirudi nyumbani, nikasema nijaribu. Nikapima unga wa mtu mmoja. Unajua ni mdogo kiasi gani? Haufuniki hata chini ya sufuria. Nikaumwaga. Josephine anajua! Josephine, waambie!"

"Najua," Josephine akasema. "Ndiyo maana ilinichukua siku mbili. Ningekuwa na wa kumpikia, ningesema jana."

Garama alisimama. Alimwomba Mwanarehema msamaha kwa sauti, mbele ya wote, akamwambia ndiye atakayemwandikia barua ya chuo kwa mkono wake. Msichana aliitikia, "Abee, daktari," kwa adabu, ila hakutabasamu. Mchungaji alisema Jumapili tangazo la tatu litasomwa, kama Philister bado anataka, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda Likoni kumwomba radhi.

Morgan alikuwa bado amesimama. Aliichukua ile karatasi ya Philister mezani, akaikunja ndogo, na ndogo tena, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo.

Ruth aliinuka nusu kutoka kitini.

"Morgan," akasema. "Morgan, baba. Jioni nikuwekee chakula?"

Morgan alivaa kofia yake ya pikipiki, akafunga kamba chini ya kidevu, akatoka.